Futa zile kilomita kwenye tangazo lako la redio koli

Leo naomba mtulie kidogo, posti ni ndefu lakini ina hela ndani yake. Inawahusu hasa nyie mnaouza vifaa vya umeme na mawasiliano kwa WhatsApp, Facebook na Instagram. Ila hata kama unauza mashuka au majiko ya gesi, soma tu, somo ni lile lile.

Nataka kuzungumzia redio koli za magari. Wateja wa magari ya porini, yaani Land Cruiser, Hilux, Fuso zinazoingia vijijini kuchukua mazao, swali lao la kwanza ni hili: "Nichukue za mkononi au za kufunga kwenye gari?" Na sisi wauzaji wengi tunajibu kwa kuangalia kilichopo kwenye shelfu. Kama zipo za mkononi, tunasema za mkononi zinatosha. Halafu tunaongeza maneno matamu: "Zinafika kilomita 10 boss, usijali."

Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanipinga: acheni kuandika kilomita kwenye tangazo la redio koli. Futa kabisa. Badala yake muulize mteja nani ataongea na nani, kutoka wapi. Jibu la hilo ndilo litakuambia umuuzie ipi.

Sikuyasoma haya darasani. Niliishia kidato cha nne, redio nimejifunza kwa YouTube, kwa mafundi na kwa hasara. Ngoja niwape ya hasara kwanza.

MZEE WA ASALI

Mimi nina duka dogo hapa Singida mjini. Nilianza na kava za simu na chaja, nikaongeza taa za sola, baadaye redio koli za mkononi. Zilikuwa zinatoka. Walinzi wa maghala ya alizeti wanachukua, kamati za harusi wanachukua. Picha nzuri, maelezo mafupi, na chini yake nimekopi kilichoandikwa kwenye boksi: UMBALI KM 10.

Siku moja akanipigia mzee mmoja anayenunua asali. Ana Land Cruiser mbili na Fuso moja, wanazunguka vijiji vya upande wa Itigi, wakati mwingine wanashuka njia ya Rungwa. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Binti yangu, hizo redio zako zitafaa kwa magari yangu? Huko simu zinakatika." Nikamjibu haraka haraka kama tunavyojibuga inboksi: zinafaa sana mzee, kilomita 10 bila shida. Akachukua sita. Siku ile nilifunga duka mapema kwa furaha.

Ikaja masika. Gari moja likazama kwenye udongo wa mbuga jioni. Wanaoijua mbuga ya huku wanajua, ule udongo mweusi ukilowa unakuwa kama ugali, tairi linazunguka tu. Gari la mbele lilikuwa limeshawatangulia kama kilomita 4. Dereva wa nyuma akaita kwenye redio, kimya. Akaita tena, kimya. Simu haina mtandao. Wakaanza kujiokoa wenyewe, jeki ikateleza kwenye tope, ikambana utingo vidole. Wa mbele wakasubiri, wakadhani wenzao wamegeuza kurudi Itigi, wakaendelea na safari. Yule kijana alikaa na mkono umefungwa kwa shati mpaka asubuhi, trekta lilipopita. Alipoteza ncha ya kidole kimoja.

Wiki iliyofuata mzee akaja dukani mwenyewe. Hakufoka. Alipanga zile redio sita kaunta, moja moja, na chaja zake. Akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, hizo kilomita 10 ulizipima wewe?"

Sikuwa nimezipima. Sikuwa hata nimeiwasha redio mbili nikatoka nazo nje ya mtaa. Nilimrudishia hela yake kwa awamu tatu kwa sababu mtaji ulikuwa umeshaingia kwenye mzigo mwingine. Miezi miwili sikuagiza kitu. Lakini hela si kitu, lile swali ndilo lilinikalia kichwani.

KILOMITA ZA KWENYE BOKSI ZINATOKA WAPI

Baada ya hapo nikaanza kutafuta. Na nikagundua kitu cha kushangaza: boksi huwa halidanganyi moja kwa moja. Linasema ukweli wa mahali pengine.

Mawimbi ya hizi redio zetu, za VHF na UHF, kwa kawaida yanakwenda kama macho yanavyoona. Hayapindi sana kufuata mgongo wa dunia wala hayapiti ndani ya mlima. Kwa hiyo kinachoamua umbali kwanza ni urefu wa antena kutoka ardhini, na kilichopo katikati.

Kuna hesabu rahisi ambayo unaweza kufanya kwenye simu. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 4. Unapata takribani kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla dunia haijayaficha, kwenye tambarare tupu. Mtu aliyesimama ameshika redio usawa wa kifua na mdomo, antena iko kama mita 1.5. Inakuja karibu kilomita 5. Na mwenzake naye ana kilomita 5 zake. Jumla 10. Umeona? Ndiyo zile kilomita 10. Watu wawili wamesimama wima, uwanda mtupu, hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna gari.

Sasa mpandishe mtu huyo juu ya mwamba. Singida si tunayo mawe makubwa kila mahali? Mwamba wa mita 25: kipeo cha pili cha 25 ni 5, mara 4 ni 20. Redio ile ile, betri ile ile, kilomita 20 kwa upande wake peke yake. Kinachobadilika ni alipokanyaga tu.

Halafu mchukue mtu huyo huyo, mwingize ndani ya Land Cruiser, pandisha vioo, mpeleke kwenye vichaka vya Itigi. Vile vichaka vimesongamana, vinazidi urefu wa gari, kila jani limelowa maji. Gari lenyewe ni boksi la bati. Mawimbi yanatoka kwa shida kupitia madirishani. Hapo kilomita 10 imekufa.

Nilikuja kuyaona haya kwa macho. Muuzaji mmoja mwenye leseni alikuja kumfungia mteja wake redio za magari, zikiwa kwenye masafa ambayo mteja huyo ameruhusiwa kutumia, nikaomba niende nao kwenye majaribio. Nilikaa kiti cha nyuma na daftari. Redio za mkononi, wote wawili ndani ya magari, vioo juu, kwenye vichaka: ilipita kilomita 1 sauti ikaanza kukatika, kabla ya 2 ikapotea. Dereva akashuka akapanda juu ya keria, sauti ikarudi. Akapanda kwenye jiwe, tukaongea kilomita zaidi ya 10 kama tuko chumba kimoja. Tukarudi kwenye zile za kufungwa, antena juu ya paa: kilomita 9 safi kabisa, tuliposhuka bondeni ikakata kabla ya 12. Hizo ni namba za siku ile na njia ile. Usizikopi kwenye tangazo lako! Zipo hapa ili uone tofauti tu.

KWA NINI YA KUFUNGWA INASHINDA NDANI YA GARI

Watu wengi wanadhani ni wati tu. Ya mkononi ina wati 4 au 5, ya gari ina 25 mpaka 50. Ndiyo, wati zinasaidia, hasa kusukuma sauti ipite vichakani ikiwa safi. Lakini wati mara 10 hazikupi umbali mara 10. Mlima ukikaa katikati, wati 50 zinagonga mlima na kukaa hapo hapo.

Faida kubwa ya redio ya gari ni antena. Imetoka nje ya boksi la bati, iko juu ya paa, na ni ndefu ya kutosha. Kwa VHF, robo ya wimbi ni kama nusu mita. Ile antena fupi ya mpira kwenye redio ya mkononi imebanwa ili iingie mfukoni, na kubanwa huko kuna gharama. Bati la paa nalo linaisaidia antena kufanya kazi, ndiyo maana fundi mzuri anaiweka katikati ya paa kama nafasi ipo.

Angalieni magari ya utalii ya Arusha yanayopita hapa kwenye barabara kuu. Chunguza utaona antena, na ndani kuna maiki imening'inia karibu na dereva. Wale wanaingia Serengeti na Ngorongoro kila siku, wanaambiana wanyama wako wapi na nani kakwama. Kazi yao inategemea redio, na wameamua kufunga. Mtu ambaye mkate wake unatoka kwenye kitu, ukiangalia anachokichagua unajifunza.

LAKINI YA MKONONI NAYO INA KAZI YAKE

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi redio za mkononi ni mbaya. Ninaziuza mpaka leo na ndizo zinalipa kodi ya fremu.

Redio ya gari inalala na gari. Betri ya gari ikifa, redio imekufa. Gari likipinduka, antena imevunjika. Utingo akishuka kupima kina cha maji kwenye korongo, hawezi kushuka na redio iliyofungwa kwa boliti. Mtu anayeelekeza dereva apite wapi kwenye mawe, mtu anayepanda juu ya mwamba kuita msaada, mlinzi wa mzigo usiku, hao wote wanahitaji ya mkononi. Na mteja anayekodi magari, leo hili kesho lile, ukimfungia redio kwenye gari la watu utakuwa umemtia hasara.

Kwa hiyo kanuni yangu niliyoiandika kwa maka peni ukutani dukani ni hii: YA KUFUNGWA NI YA GARI, YA MKONONI NI YA MTU ANAYESHUKA KWENYE GARI.

Gari likiongea na gari, funga. Mtu akiongea na mtu aliye karibu, mkononi. Mteja mwenye uwezo, kila gari liwe na moja ya kufungwa na moja ya mkononi. Mteja ambaye hana uwezo huo, kuna njia ya katikati ambayo wauzaji wengi hatuisemi: redio ya mkononi, ila unamuuzia na antena ya sumaku ya kuweka juu ya paa, waya unaingia ndani, pamoja na chaja ya kwenye gari. Wati zinabaki zile zile 5, lakini antena imetoka nje ya bati. Si sawa na ya kufungwa, ila inaizidi mbali ile ya kuongelea ndani ya vioo. Hakikisha tu kichwa cha waya kinaingia kwenye redio hiyo, maana vichwa vinatofautiana. Jaribu mwenyewe kabla hujatuma mzigo kwenye basi.

MASWALI MATANO YA INBOKSI

Siku hizi mtu akiniandikia "bei gani redio koli", namjibu bei halafu namuuliza haya:

1. Nani anaongea na nani? Gari na gari, mtu na mtu, au gari na ofisini?

2. Njia gani? Tambarare wazi, vichaka, au milima? Mtu wa kuteremka Sekenke na mtu wa Manyoni mjini si mteja mmoja.

3. Magari ni yako au ya kukodi?

4. Gari ni volti 12 au 24? Hili msilisahau. Redio nyingi za kufunga ni za volti 12. Fuso na malori mengi ni volti 24. Ukiunga moja kwa moja, redio inaungua siku hiyo hiyo na mteja atasema umemuuzia feki. Hapo unauza na kifaa cha kupunguza umeme, ambacho nacho ni faida kwako.

5. Una kibali cha masafa? Nitalielezea hapa chini.

Mtu akijibu hayo, bidhaa inajichagua yenyewe. Na ukimwambia "wewe huhitaji ya gharama, chukua hizi mbili za mkononi zinakutosha", huyo mtu hatakusahau. Nimeshafanya hivyo kwa fundi mmoja wa kuchimba visima, alitaka za kufunga kwa sababu kaziona kwa wakubwa. Yeye vijana wake wanakaa mita 200 kutoka kwenye mtambo. Nikamuuzia za mkononi. Hela ndogo, lakini ameniletea watu wanne.

USIPUUZE SHERIA

Hili wengi tunalikimbia, na mimi nililikimbia. Redio koli si kava ya simu. Masafa ni mali ya nchi na yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kifaa kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa. Anayeingiza, kusambaza au kuuza vifaa vya mawasiliano anatakiwa awe na leseni. Na mteja anayetaka kutumia redio kwenye kazi zake anaomba kibali cha masafa, anapangiwa, ndipo redio zinawekwa kwenye masafa hayo.

Redio nyingi za mkononi za bei nafuu zinakuja zikiwa wazi, mteja anaweza kuandika namba yoyote akaanza kuongea. Akiangukia kwenye masafa ya polisi au ya kampuni nyingine, ameingilia mawasiliano ya watu, na risiti iliyoko mfukoni mwake ina jina la duka lako.

Pia mkiangalia video za Wamarekani na Waaustralia muwe makini. Kule Marekani kuna masafa yanaitwa GMRS ambayo mtu wa kawaida analipia leseni na kutumia mpaka wati 50. Australia wana UHF CB ya wati 5 ambayo watu wa magari ya porini wanaitumia kila siku. Hayo ni ya kwao. Masafa kuruhusiwa Australia hakumaanishi yameruhusiwa Itigi. Jifunze kwao namna ya kufunga antena, usichukue namba zao.

Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kati iko Dodoma. Kwa mtu wa Singida ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mimi nilienda nikiwa na hofu kama naenda kukamatwa, nikauliza utaratibu, nikaelekezwa. Siku hizi siagizi redio mwenyewe kutoka nje, nachukua kwa mwenye leseni na ninafuata utaratibu wa muuzaji. Faida imepungua kidogo, usingizi umeongezeka.

MTAJI WAKO UFANYE HIVI

Usijaze duka redio za kufunga. Ni za bei, zinatoka taratibu, zitakukalia mtaji. Weka za mkononi chache, antena za sumaku, na chaja za gari. Za kufunga chukua kwa oda: mteja anatanguliza nusu, unaandika kwenye karatasi siku ya kupokea, na unampa risiti.

Tafuta fundi umeme wa magari unayemwamini, mkubaliane malipo ya kila gari. Redio ya wati 50 ikiwa inaongea inaweza kuvuta ampea 10 au zaidi, kwa hiyo waya wake unatoka kwenye betri moja kwa moja na una fyuzi karibu na betri. Usimwache mteja aichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara. Na mwambie kabisa: asibonyeze kuongea wakati antena haijaunganishwa, anaweza kuiua redio. Mambo madogo haya ndiyo yanaleta wateja wenye hasira kaunta.

Kabla gari halijaondoka, majaribio. Gari moja libaki, lingine liende mpaka sauti ikatike, mteja mwenyewe akiwa ndani. Aone kwa macho yake inaishia wapi. Hapo atakuwa amejipimia kilomita zake mwenyewe, kwenye njia yake mwenyewe, na hatakuja kukuuliza za kwako umezitoa wapi.

MTANIAMBIA MTEJA ATAKIMBIA

Najua. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Wewe unaleta ushauri, mteja anataka bei. Ukimuuliza maswali matano anahamia kwa anayeandika kilomita 15." Ni kweli kabisa, wapo waliohama. Mwezi wa kwanza baada ya kufuta kilomita, mauzo yalishuka na nikajilaumu. Sitawadanganya kwamba ukweli unalipa wiki hiyo hiyo.

Lakini fikiria unachokiuza. Kava ya simu ikiwa mbovu, simu inachubuka. Redio koli mtu anainunua kwa sababu anakwenda mahali ambapo simu haishiki. Yaani anainunua kwa ajili ya siku mbaya. Siku nzuri hata hailiwashi. Ukimdanganya kwenye redio, uongo wako utakuja kujulikana saa ile ile anapokuhitaji, usiku, kwenye tope, mtu kaumia. Hakuna emoji ya kuomba radhi inayotosha hapo.

Na hata redio nzuri kabisa, usiiuze kama ndiyo uokozi wenyewe. Mwambie mteja apange na wenzake kabla ya safari: tukipoteana kwenye redio, gari la mbele linasimama na kurudi nyuma mpaka lisikie. Mwambie asiyesikika atafute sehemu ya juu, ashuke kwenye gari, aite tena. Ushauri huo ni bure. Yule dereva wa mzee angeambiwa tu ashuke apande juu ya keria, labda lile gari la mbele lingesikia. Sikumwambia kwa sababu na mimi nilikuwa sijui.

TANGAZO LANGU LA SASA

Mtu akitaka kulikopi alikopi, nimewaruhusu:

"Redio koli za mkononi na za kufunga kwenye gari. Umbali unategemea njia yako, urefu wa antena na kilichopo katikati. Niambie nani anaongea na nani na mnapita wapi, nikushauri ipi inakufaa. Vifaa vilivyoidhinishwa, risiti ipo. Ya kufunga tunajaribu pamoja kabla hujalipa nusu iliyobaki."

Halina kilomita hata moja. Na watu wanaandika.

Mtauliza yule mzee wa asali aliishia wapi. Alikwenda kununua redio za kufunga Arusha, hakununua kwangu, na sina neno. Ila alipozileta Singida alimtuma dereva dukani aulize fundi wangu yuko wapi wa kuzifunga. Nilikwenda na fundi mwenyewe mpaka uani kwake, nikashika tochi wakati antena zinafungwa. Yule utingo alikuwepo, ndiye aliyekuwa anatupa boliti, kwa mkono ule ule. Hatukuongea habari za kidole. Tulipomaliza, gari moja likaenda mpaka nje ya mji, mzee akabonyeza maiki akaita, likaitika. Akanigeukia akasema, "Haya, sasa hii tumeipima."

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala, fungua matangazo yako. Kama kuna kilomita ulizozikopi kwenye boksi, zifute. Kama unauza sola na umeandika "inawasha masaa 12" bila kuijaribu, ni yale yale, iwashe leo uhesabu. Halafu njoo hapa chini uniambie ulichokuta. Na kama unauza redio koli kwenye mkoa wenye milima kuliko huku kwetu, naomba utueleze wateja wako wanachagua ipi na kwa nini, tujifunze wote.

Biashara njema wakuu.